Raba nyeupe, soli za manjano: Jinsi ya kuzisafisha nyumbani bila kuziharibu

RABA nyeupe haikai nyeupe kwa muda mrefu katika Kaunti ya Kilifi. Mwanafunzi anayetembea kwa miguu kutoka vijiji vya karibu na Marafa hufika shuleni soli zake zikiwa zimeshika rangi ya udongo wa njiani. Kijana aliyeteremka kwenye mikoko ya Mida kutafuta kaa hurudi na tope jeusi lenye harufu ya yai viza. Naye aliyeifungia jozi yake kabatini tangu sikukuu iliyopita ili isichafuke, huitoa akakuta imegeuka manjano ilhali haikukanyaga popote. Watatu hao wakiuliza kwa jirani, aghalabu hupewa jibu moja: tia jiki, kisha anika juani.

Jibu hilo huenda limeharibu raba nyingi kuliko udongo wenyewe. Jiki haiondoi udongo mwekundu, na kwenye soli iliyokwisha kugeuka manjano huweza kuzidisha rangi ile ile iliyokusudiwa kuondolewa. Kwa mwenye jozi nne, hasara hiyo ni ndogo. Lakini zipo nyumba nyingi, Malindi na Kilifi, ambazo hununua raba moja ya michezo kwa mtoto zikitarajia imfikishe mwisho wa mwaka, na baadaye imwangukie mdogo wake. Mwuzaji wa viatu vya mitumba naye anajua kwamba mteja hukigeuza kiatu akatazama soli kabla hajatazama kitu kingine chochote, na kwamba bei hupanda au kushuka papo hapo.

Doa si umanjano

Jambo la kwanza kutambua ni kuwa kuna maradhi mawili yanayofanana kwa sura. Doa hutoka nje: ni udongo, mafuta, utomvu au kutu iliyokaa juu ya soli au kuingia katika mikwaruzo yake. Umanjano hutoka ndani: ni mabadiliko ya mpira wenyewe, au ya dawa zilizochanganywa nao kiwandani. Doa husuguliwa likatoka. Umanjano hausuguliki, na anayejaribu kuusugua huishia kuondoa ngozi laini ya soli na kuacha mikwaruzo itakayoshika uchafu upesi zaidi.

Kuyatofautisha si kazi ngumu. Soli iliyooshwa kwa sabuni na kukauka isuguliwe mahali padogo kwa kifutio cha penseli. Pakitokea weupe hapo, hilo lilikuwa doa, na kazi iliyobaki ni ya mswaki na subira. Pasipobadilika kitu, na rangi ikiwa imeenea sawasawa bila mipaka, hasa upande uliokuwa ukielekea dirishani au juani, huo ni umanjano. Mara nyingi kiatu kimoja huwa na yote mawili, na hapo doa ndilo linalotangulia kutolewa.

Yapo pia maradhi ya tatu ambayo si maradhi. Baadhi ya raba zinazoingia kwa mitumba zina soli za rangi ya asali, karibu na hudhurungi. Hiyo ndiyo rangi ya mpira ambao haukutiwa rangi nyeupe kiwandani. Anayezisugua soli za namna hiyo kwa siku mbili akitafuta weupe anatafuta kitu ambacho hakijapata kuwepo.

Udongo, tope na mabibo

Wekundu wa udongo wa sehemu za Magarini, Ganze na bara ya Malindi hutokana na oksaidi za chuma, yaani jamii moja na kutu. Ni madini hayo hayo yanayoyapa magenge ya Nyari, kule Marafa, rangi zinazowavuta watalii, na mashapo mekundu ya namna hiyo ndiyo yanayoletwa na Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, hata maji ya ghuba ya Malindi yakabadilika rangi wakati wa mvua. Mwenye raba akilikumbuka hilo ataelewa kwa nini jiki haimfai. Klorini haing'arishi kutu. Huweza hata kuifanya ishike zaidi. Kinachoilegeza kutu ni asidi nyepesi, na pwani hii haijawahi kukosa asidi nyepesi. Ndimu na ukwaju vimetumika tangu zamani kung'arishia vyombo vya shaba.

Udongo mwekundu usioshwe ukiwa mbichi. Uachwe ukauke kabisa, upigwepigwe na kupanguswa kwa brashi kavu, kwa maana chembe zake ni ndogo mno na maji huzisukuma ndani ya vijishimo vya soli na nyuzi za kitambaa. Baada ya hapo soli ioshwe kwa sabuni ya unga. Kivuli cha wekundu kitakachobaki kipakwe maji ya ndimu, kiachwe kwa dakika 10 hadi 15, kisuguliwe kwa mswaki mkuukuu na kusuuzwa vizuri. Ikibidi, zoezi hilo lirudiwe. Maji ya ndimu yasiachwe yakaukie juu ya kiatu, wala yasiguse ngozi au kitambaa cha rangi.

Tope la mikoko lina kanuni iliyo kinyume. Weusi wake hutokana na chuma kilichoungana na salfa mahali pasipofikiwa na hewa, na harufu ile ya yai viza ni gesi ya salfa hiyo hiyo. Likiachwa likauke juu ya kiatu, hewa hulifikia, weusi ukapungua na mahali pake pakabaki rangi ya kutu. Kwa hiyo raba iliyotoka Mida, au kingo za mikono ya bahari ya Kilifi na Mtwapa, isuuzwe siku ile ile, kabla haijakauka, kwa maji yasiyo ya chumvi. Maji ya bahari hutoa tope lakini huacha chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu wa hewa na kukifanya kiatu kisikauke kamwe.

Vumbi jeupe la machimbo ya mawe ya matumbawe si tatizo. Siki kidogo hulimaliza. Mistari myeusi inayotokana na kukwaruzana na viatu vingine au sakafu hutoka kwa kifutio kile kile cha penseli. Lami ya barabarani na oili ya bodaboda ndizo zinazowatia watu makosani, kwani wengi hukimbilia mafuta ya taa au petroli. Vyote viwili huingia ndani ya mpira na kuuvimbisha, na huilegeza gundi inayoshika soli. Tone la mafuta ya kupikia juu ya kitambaa hulegeza lami vile vile, ila kwa utaratibu zaidi, na mara likishatoka mahali hapo paoshwe kwa sabuni ya vyombo ili mafuta yasibaki.

Mabibo ni habari nyingine. Maji ya bibo, kama ajuavyo kila aliyekulia penye mikorosho, huacha doa la hudhurungi ambalo sabuni hailigusi. Yana tanini, na tanini ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi. Kwa karne nyingi wino wa kuandikia ulitengenezwa kwa mchanganyiko wa namna hiyo. Raba iliyojaa vumbi jekundu ikadondokewa na maji ya bibo inaweza basi kuwa na doa jeusi lisiloeleweka limetoka wapi. Chuma kitolewe kwanza kwa ndimu. Tanini itashughulikiwa baadaye kwa dawa inayoelezwa hapa chini. Utomvu wa maembe hutendewa hivyo hivyo, lakini ukishakuwa mgumu ni heri kuukwangua kwanza kwa ukingo wa kijiko.

Maji ya kisima

Sehemu kubwa ya ukanda wa pwani umelalia mawe ya chokaa ya matumbawe, na maji ya visima vyake ni magumu: yana kalsiamu nyingi na, karibu na bahari, chumvi pia. Sabuni ya kipande ikikutana na kalsiamu haitoi povu upesi, bali hufanya utando mzito wenye rangi kati ya kijivu na manjano. Utando huo ukikauka juu ya soli nyeupe huonekana kama umanjano, na mwenye kiatu hudhani kiatu kimezeeka kumbe ni sabuni yake mwenyewe.

Sabuni ya unga au ya maji haisumbuliwi sana na maji ya namna hiyo. Palipo na maji ya mfereji yatokayo Baricho, kando ya Mto Sabaki, au maji ya mvua yaliyokingwa, hayo ndiyo yatumike kusuuzia mara ya mwisho hata kama kuosha kwenyewe kulifanywa kwa maji ya kisima. Vijiko viwili vya siki katika lita moja ya maji hayo huondoa utando wa sabuni, na pia hupoza ukali wa mabaki ya sabuni ambayo, yakibaki kwenye kitambaa, huchora mstari wa manjano pale kitambaa kinapokutana na soli.

Vya kusugulia

Mswaki mkuukuu wenye nywele laini unatosha. Magadi soda yaliyochanganywa na maji kidogo yakawa kama uji mzito husugua bila kukwaruza, na ndiyo yanayofaa zaidi kati ya vitu vyote vya jikoni. Dawa nyeupe ya meno, ambayo husifiwa kila mahali, hufanya kazi kwa sababu ile ile, kwa kuwa ina unga laini wa kusugulia. Sifa zake hata hivyo zimezidi uwezo wake. Huondoa doa, haiondoi umanjano, na ni ghali kuliko magadi soda.

Neno magadi lenyewe lataka uangalifu. Magadi yatokayo Ziwa Magadi, yale ya mawe yanayotiwa katika maharagwe ili yaive upesi, si magadi soda ya kuumulia mandazi. Ni makali zaidi. Huumiza ngozi ya mikono na si rafiki wa gundi ya viatu. Hayo yabaki kwenye chungu.

Kumbi la nazi, stilwuli na mchanga wa pwani, vinavyosugua masufuria vizuri, havifai hapa. Kila kimoja huacha mikwaruzo, na kipande cha stilwuli kilichobaki ndani ya mkwaruzo hushika kutu siku ya pili.

Jiki na hatari yake

Jiki ni maji yenye sodiamu hipokloraiti. Hufanya kazi nzuri katika choo na katika shuka nyeupe za pamba. Juu ya mpira, klorini hushambulia molekuli za soli na kuzifanya zikauke na kuwa ngumu, na jua likizipiga zikiwa bado na mabaki ya jiki, rangi ya manjano hutokea ndani ya siku chache. Nyuzi za pamba zilizoshonea raba nazo hudhoofika. Ndiyo maana raba iliyotiwa jiki kila Jumamosi huonekana safi kwa mwezi mmoja, kisha huchakaa yote kwa pamoja.

Hatari iliyo kubwa kuliko hiyo ni ya mtu, si ya kiatu. Jiki ikichanganyika na asidi, iwe ndimu, siki au dawa ya kusafishia vyoo, hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu. Ikichanganyika na vitu vyenye amonia, mkojo ukiwemo, hutoa gesi nyingine zilizo mbaya vile vile. Mtu aliyekwisha kupaka soli ndimu ili kuondoa udongo mwekundu, kisha akaamua kumalizia kwa jiki katika bafu dogo lisilo na dirisha, amejiandalia ajali bila kujua. Likitokea, dawa ya kwanza ni kutoka nje penye hewa, kiatu kitangoja. Anayekohoa bila kukoma au kupumua kwa shida apelekwe hospitalini.

Kwa nini mpira hugeuka manjano

Pwani hii na mpira hawakujuana jana. Katika karne ya 19 utomvu wa mitambaazi ya jamii ya mbungo ulikusanywa misituni na kuuzwa nje kupitia bandari za Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi walipanda mashamba ya mpira karibu na Malindi na Magarini, wakiutumia mti wenye asili ya Brazili ulio wa jamii moja na muhogo. Madai ya serikali ya kikoloni kwamba Wagiriama watoe vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba kama hayo yalikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyozaa upinzani wa mwaka 1913 na 1914, ambao jina la Mekatilili wa Menza halitengwi nao. Mashamba yenyewe hayakustawi. Mpira kutoka mashamba ya Asia ulijaa sokoni, bei ikaanguka, na soli zinazovaliwa Malindi leo hutokana kwa kiasi kikubwa na mpira wa mbali.

Utomvu ukiwa mbichi hunata penye joto na hukakamaa penye baridi. Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa pamoja na salfa huwa imara na wenye kunyumbuka, na soli ya raba ya kitambaa hutengenezwa kwa njia hiyo hadi leo. Lakini hata baada ya kupikwa, minyororo ya molekuli zake hubaki na viungo ambavyo oksijeni na ozoni ya hewani huvishambulia. Joto na ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, yaani urujuanimno, huharakisha shambulio hilo, na Malindi iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Mazao ya shambulio hilo yana rangi ya manjano. Weupe wa soli ni unga wa titaniamu dayoksaidi uliochanganywa na mpira; unga huo haubadiliki rangi, ila umezungukwa na kitu kinachobadilika.

Hiyo haielezi bado raba iliyogeuka manjano gizani. Viwandani huongezwa dawa za kuuhifadhi mpira dhidi ya oksijeni, na baadhi yake hugeuka manjano zikikutana na gesi za nitrojeni zilizomo katika moshi wa kuni, wa stovu na wa magari. Dawa za namna hiyo hutumika pia katika plastiki za kufungia bidhaa, na huhamia kwenye kiatu kilichofungiwa ndani yake. Hivyo raba iliyowekwa juu ya kabati la jikoni ndani ya mfuko wa plastiki, kwa nia njema kabisa, imewekwa mahali pabaya kuliko zote. Umanjano wa aina hii, hasa ukiwa kwenye kitambaa, mara nyingi hupungua kwa kusuuzwa kwa maji ya siki na kupigwa na jua kwa muda mfupi, kwa hiyo yafaa kuujaribu hivyo kabla ya kutumia dawa yenye nguvu.

Dawa inayofanya kazi, na mipaka yake

Umanjano wa soli hupunguzwa kwa haidrojeni peroksaidi. Maduka ya dawa huiuza ikiwa maji ya asilimia 3 au 6 kwa ajili ya vidonda, na maduka ya vipodozi huiuza ikiwa krimu inayotumiwa katika saluni kufifisha rangi ya nywele. Kwenye krimu hizo nguvu huandikwa kwa namba: 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, na 40 ni asilimia 12. Krimu ndiyo nzuri kwa kiatu kwa sababu haichuruziki. Namba 20 yatosha kwa kazi ya nyumbani; namba 40 huchoma ngozi ikawa nyeupe na kuuma, na muda inaookoa haulingani na hatari hiyo.

Peroksaidi huhitaji jua. Hapo watu hushangaa, kwa kuwa jua ndilo lililoleta umanjano. Tofauti ni kwamba jua likiwa peke yake huisaidia oksijeni kuuharibu mpira, lakini likiikuta peroksaidi juu ya soli huivunja ikawa chembe kali zinazokata vile viungo vyenye rangi. Waliozirejeshea weupe kompyuta kuukuu zilizogeuka manjano walianza kuitumia mbinu hiyo mnamo 2008, na wapenzi wa raba wakaichukua.

Soli ioshwe kwanza na ikauke. Sehemu zote za kitambaa na ngozi zizibwe kwa selotepu, kwa kuwa peroksaidi hufifisha rangi. Mwenye kupaka avae glavu na aangalie macho yake. Krimu ipakwe kwa brashi, iwe nene na iliyo sawa, kisha soli ifunikwe kwa plastiki nyembamba angavu ya kufunikia chakula ili isikauke. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 2017, wengine wamekuwa wakitumia plastiki yoyote wanayoipata. Iliyo na maandishi au rangi huacha kivuli chake juu ya soli. Pahali palipokauka hubaki na mabaka, na mabaka hayo ni magumu kuyasawazisha kuliko umanjano wenyewe.

Kiatu kisiwekwe kwenye jua la saa sita. Bati au sakafu ya saruji wakati huo huwa moto kiasi cha kulegeza gundi, na soli ikiachia upande mmoja weupe wake hauna faida. Jua la saa mbili hadi saa nne asubuhi lafaa. Hata kivuli cha ukuta penye mbingu wazi hufaa, kwani miale ya urujuanimno hutawanyika angani na kukifikia kiatu bila joto lile, ila kazi huchukua muda mrefu zaidi. Kitazamwe kila nusu saa, krimu iongezwe inapopungua, na baada ya saa mbili au tatu kioshwe. Soli nyingi hubadilika kwa kiasi kinachoonekana siku ya kwanza. Isiyobadilika kabisa baada ya siku ya tatu haitabadilika, na kuendelea ni kuila bure.

Unga wa kuondolea madoa ulio na oksijeni, unaouzwa madukani kwa ajili ya nguo, hutoa peroksaidi ukiyeyushwa katika maji ya uvuguvugu. Hufanya kazi polepole lakini ni salama zaidi mikononi, na huondoa lile doa la bibo lililotajwa. Peroksaidi haipaswi kuchanganywa na siki chomboni, maana hutoka asidi kali, wala na jiki. Isimiminwe katika chupa ya soda. Mtoto aliyerudi kutoka shuleni na kiu hatasoma kibandiko ambacho hakipo.

Weupe unaopatikana kwa njia hii si wa kudumu. Peroksaidi huondoa rangi, haiurudishi mpira ujanani, na kila mara inapotumiwa huudhoofisha kidogo. Umanjano huweza kurudi baada ya miezi kadhaa. Kwa muuza mitumba anayetaka kiatu kipendeze sokoni, hiyo si hoja kubwa, ingawa mnunuzi angepaswa kuambiwa. Kwa mzazi wa mwanafunzi, kuzitibu mara moja au mbili kwa mwaka kunatosha. Katikati ya hapo, sabuni na mswaki.

Kukausha na kuweka

Raba iliyooshwa huanikwa kivulini penye upepo, ulimi ukiwa umetolewa nje na karatasi zimesokotwa ndani ili kunyonya unyevu. Karatasi za gazeti ni nzuri ndani ya kiatu cheusi. Katika raba nyeupe wino wake huhamia kwenye kitambaa, hivyo zitumike nyeupe. Wenye uzoefu huzungushia kitambaa cheupe cha raba karatasi ya shashi ikiwa bado mbichi. Maji yanapokauka huvuta mabaki ya sabuni na vumbi hadi juu kabisa, na uchafu huo hubaki kwenye karatasi badala ya kubaki kwenye kiatu.

Zikikauka, ziwekwe chumbani mbali na jiko, ndani ya mfuko wa kitambaa au juu ya rafu. Rangi nyeupe ya viatu au chaki iliyopakwa juu ya soli ya manjano huficha kwa siku moja ya gwaride na hutoka kwa jasho na umande. Haina madhara, ila isipakwe juu ya uchafu.

Kuna soli moja ambayo yote yaliyosemwa hayaisaidii. Viatu vingi vya michezo vya miaka ya karibuni vina tabaka la sponji ya poliyurethani katikati ya soli, na sponji hiyo huvunjwa polepole na unyevu wa hewa, hata ikiwa haivaliwi. Joto na unyevu wa pwani huharakisha jambo hilo. Kiatu cha mitumba kilichokaa miaka mingi ghalani huko kilikotoka kinaweza kuonekana kipya, kisha kikapasuka kama mkate mkavu siku ya pili ya kuvaliwa. Kabla ya kukinunua au kukipaka chochote, soli yake ibonyezwe kwa kidole gumba. Ikibaki na shimo, ikitoa unga au kunata, kisafishwe kwa kitambaa chenye unyevu tu na kupelekwa kwa fundi wa viatu, ambaye huibandua yote na kushona mpya mahali pake iwapo sehemu ya juu ingali nzima.